Ngumu kaskazini, nyepesi kusini: wiki ya mazoezi ya baiskeli ya changarawe Moshi

Mwendesha baiskeli wa Moshi hana shida ya milima. Shida yake ni kuikosa tambarare siku anayoihitaji. Ukitoka Shanty Town kuelekea Kibosho, au ukapita hospitali ya KCMC kwenda Uru, barabara inaanza kuinuka kabla hata jasho halijatoka, na siku uliyopanga iwe nyepesi inageuka ngumu bila wewe kuamua. Mtu anaenda hivyo siku tano kwa wiki, wiki sita mfululizo, halafu anashangaa mbona kasi haipandi na magoti yameanza kulalamika. Kila siku yake ni kali nusunusu: ngumu mno kuupumzisha mwili, laini mno kuujenga.

Dawa iko kwenye ramani. Mjini tuko mita 800 na ushei juu ya usawa wa bahari. Lango la Machame, la kupandia Kilimanjaro, liko karibu mita 1,800. Upande wa pili kuna Mabogini, Chekereni na mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC, ambako barabara za vumbi zimelala kama mkeka. Basi siku ngumu nenda kaskazini, siku nyepesi nenda kusini, na usizichanganye hata marafiki wakikuita.

Ratiba hii inamfaa mtu mwenye kazi yake, anayepata saa sita hadi nane kwa wiki, na ambaye tayari anaweza kuendesha saa nzima bila kushuka. Kama hujafika hapo, kata kwa nusu muda wote uliotajwa hapa, na Alhamisi iache kabisa kwa mwezi wa kwanza.

Kuhusu baiskeli yenyewe, si lazima iwe ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Baiskeli ya mlima ya mtumba inatosha, mradi fremu haina ufa na rimu hazichezi. Cha kuangalia kwa makini ni meno ya gia. Gia ndogo ya mbele isizidi meno ya gia kubwa ya nyuma. Kwa mfano 32 mbele na 36 nyuma. Hesabu yake ni rahisi: ukipanda kwa kilomita 9 kwa saa na gia ya 42 mbele na 28 nyuma, utakanyaga mara 45 tu kwa dakika, na kila mkanyago ni goti linalosukuma ukuta. Kwa 32 na 36, mwendo uleule unakanyaga mara 77. Mlima ni uleule, magoti tofauti.

Kiti nacho. Wengi hukishusha hadi nyayo zote mbili ziguse chini wakiwa wamekaa, kwa kuhofia kuanguka. Hicho ni kiti cha kwendea sokoni. Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja ukisukume juu mpaka kigote, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 80, kiti kiwe sentimita 70.6 kutoka katikati ya mhimili unaobeba mikono ya pedeli hadi juu ya kiti. Maumivu yakija mbele ya goti, kipandishe nusu sentimita. Yakija nyuma ya goti, kishushe kiasi hichohicho. Usirekebishe sentimita mbili kwa mara moja halafu ukaondoka kwenda Marangu.

Na kipimo cha ukali wa mazoezi? Saa ya kupima mapigo ya moyo inasaidia, lakini mdomo unatosha. Mwendo wa pole ni ule unaoweza kumsimulia mwenzako mechi ya jana bila kukata sentensi. Mwendo wa kati, unatoa maneno manne au matano kisha unavuta pumzi. Mwendo mkali, unajibu "ndiyo" au "hapana", na kwa kinyongo. Karibu asilimia 80 ya muda wako wa wiki iwe ya pole. Watu wanaibishia sana hii, hasa wale wanaoona aibu kupitwa na mwenye baiskeli ya kubebea majani ya ng'ombe. Apite tu.

Jumatatu hakuna baiskeli. Tembea, nyosha misuli, lala mapema.

Jumanne ndiyo siku ya mlima, na ndiyo siku inayoharibiwa zaidi. Toka saa 12 asubuhi, taa nyekundu ikiwaka nyuma, maana ikikaribia saa moja barabara za Kibosho na Uru zinajaa wanafunzi na bodaboda. Usipande moja kwa moja. Anza dakika kumi ukizunguka sehemu tambarare za mji, ndipo ugeuze kichwa mlimani kwa dakika nyingine kumi ukiongeza mwendo taratibu. Misuli ya baridi ikipelekwa mlimani, kipindi cha kwanza kinageuka kuwa cha kujipasha moto.

Tafuta kipande cha mlima chenye urefu wa mita 800 hadi kilomita moja, kisicho na njia panda wala shule. Panda kwa mwendo mkali dakika nne. Geuza, shuka pole dakika tatu hadi ulipoanzia. Rudia mara nne au tano. Wiki mbili za kwanza fanya tatu tu.

Bila mashine ya kupima nguvu unajuaje kama umefanya sawasawa? Tumia alama. Dakika nne za kipindi cha kwanza zikiisha, angalia umefika wapi: tuseme umefika usawa wa duka la Mangi lenye mlango wa bluu. Kila kipindi kinachofuata kiishie mlangoni pale au mbele kidogo. Ukiona kipindi cha tatu kimekuishia mita 40 kabla ya duka, maana yake cha kwanza ulikimbilia sifa. Kipindi kizuri cha kwanza huacha hisia kwamba ungeweza kwenda zaidi. Ukipungukiwa namna hiyo mara mbili, funga kazi urudi nyumbani. Vipindi vya kujikokota havijengi kitu, vinakula tu miguu ya Alhamisi.

Kwenye changarawe, panda ukiwa umekaa. Ukisimama, uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linakosa kushika na kuanza kuzunguka bure juu ya kokoto. Sogea kidogo kwenye ncha ya kiti, inamisha kifua, viwiko vilegee. Kwenye lami simama ukitaka.

Jumatano ni dumu na kusini. Asubuhi au jioni, dakika 35 za nguvu nyumbani. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20 na kidogo, na hilo ndilo jimu lako. Likumbatie kifuani uchuchumae hadi mapaja yalale sambamba na sakafu, mara 8, seti tatu. Kisha liweke chini katikati ya miguu, inama kwa kukunja nyonga huku mgongo umenyooka, linyanyue kwa mikono miwili, mara 8, seti tatu. Halafu panda na kushuka kwenye benchi au kizingiti cha urefu wa sentimita 35 hadi 40, mguu mmoja mara 10, kisha wa pili, seti mbili. Malizia kwa kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, tumbo limekazwa, sekunde 40 mara tatu. Mgongo wa chini ukichoka kabla ya miguu kwenye safari ndefu, tatizo mara nyingi liko kwenye zoezi hili la mwisho ambalo watu huliruka. Dumu likiwa jepesi, hamia kwenye kiroba cha mchanga.

Baadaye siku hiyohiyo, dakika 45 za pole kuelekea Mabogini, kando ya mifereji ya mpunga. Gia nyepesi, mikanyago 85 hadi 90 kwa dakika. Kumbuka kuteremka kwenda kusini ni rahisi kuliko kurudi. Mji uko juu kidogo ya mashamba, na jua la saa tisa alasiri huko halina huruma. Geuza kabla ya nusu ya muda uliojiwekea.

Alhamisi ni mwendo wa kati, bado upande wa kusini. Barabara ya TPC inafaa: jipashe moto dakika 20, kisha dakika 15 za kati, pumzika 5 kwa kukanyaga polepole, halafu 15 nyingine. Msimu wa mavuno kuna malori ya miwa, na vumbi la lori moja linakufunika dakika nzima. Likikupita, toka kando usimame, maana dereva wa nyuma yake hakuoni. Barabara za ndani ya mashamba ni za kampuni, kwa hiyo uliza kwa walinzi kabla ya kuingia.

Usifuate kasi siku hii. Changarawe ikiwa na matuta madogo madogo kama bati, kilomita 18 kwa saa inaweza kukugharimu pumzi sawa na kilomita 25 kwenye lami. Fuata maneno manne matano. Kwenye bati hilo, weka gia nzito kidogo kuliko uliyokuwa nayo, inua makalio sentimita moja tu kutoka kwenye kiti, legeza mikono, na utafute ukingo wa barabara ambako magari hayajaukunja udongo. Ukiubana usukani, mtikisiko wote unaishia kwenye viganja, na baada ya saa moja vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi.

Ijumaa mwili unapumzika, mikono inafanya kazi. Hapa ndipo Jumamosi inaposhinda au kushindwa.

Anza na mbigili. Kila anayeendesha kusini ya mji anaijua: mmea wa kutambaa chini wenye maua madogo ya njano, na tunda lake kavu lina miiba migumu inayotazama juu namna yoyote litakavyoanguka. Miiba ya migunga ni mirefu zaidi, lakini mbigili ndiyo inayotoboa wengi. Kagua tairi zote mbili chini ya mwanga, zungusha polepole, na ng'oa kila kilichoota. Mwiba unaweza kukaa kwenye tairi siku tatu ukichimba kidogo kidogo kabla haujafika kwenye tyubu, kwa hiyo pancha ya Jumamosi mara nyingi ni mwiba wa Alhamisi.

Ukipata pancha njiani, usiweke tyubu mpya kabla hujajua ya zamani imetobolewa na nini. Jaza upepo kidogo kwenye tyubu iliyotoboka, tafuta tundu kwa kusikiliza au kwa kuipitisha karibu na mdomo, kisha ilinganishe na tairi, ukianzia kwenye valvu, ujue mwiba uko wapi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi; kitanasa kwenye ncha ambayo kidole kingeikosa au kingechanwa nayo. Tundu moja ni mwiba. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni jiwe lililoibana tyubu kwenye rimu, na hapo kosa ni upepo mdogo. Kiraka kwenye tyubu: kwaruza kwa msasa, paka solusheni nyembamba, subiri dakika tano mpaka isiwe majimaji, ndipo ubandike. Wanaobandika ikiwa bado mbichi ndio wanaobandika mara mbili.

Upepo sasa. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya milimita 40 yenye tyubu, weka psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 36 mbele na 40 nyuma. Bila tyubu, yaani tairi iliyofungwa juu ya rimu na dawa ya pancha ndani, shuka hadi 28 au 30 mbele na 32 au 34 nyuma. Tairi pana ya baiskeli ya mlima, ya inchi 2.1, inataka 26 hadi 30 ikiwa na tyubu. Kwa kila kilo tano za mwili juu au chini ya hapo, ongeza au punguza psi moja au mbili. Mafundi wengi watakujazia mpaka tairi iwe gumu kama jiwe, wakikufanyia wema. Tairi gumu kwenye changarawe linarukaruka badala ya kuviringika, halishiki kwenye kona, na linakuchosha. Dawa ya pancha hukauka kwa joto letu. Kila miezi miwili fungua uangalie, na tairi moja ya ukubwa huu inataka mililita 60 hadi 80.

Jambo dogo linalowaumbua watu: valvu nyembamba haikubali bomba la upepo la kwa fundi wa magari na bodaboda. Nunua kile kichwa kidogo cha shaba cha kugeuzia, kifunge kwenye valvu yenyewe kikae hapo siku zote. Pampu yako ikifa Chekereni, bodaboda yeyote atakuonyesha penye kompresa.

Cheni ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, ikauke, kisha tone moja la oili nyepesi kwenye kila kiungo, upande wa ndani. Zungusha pedeli nyuma dakika moja, subiri dakika kumi, ufute ya juu yote. Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia kwenye pini. Ya juu inashika vumbi. Oili chafu ya injini, ambayo bado inamiminwa sana vijiweni, ina masizi na vumbi la chuma, na ikichanganyika na vumbi letu inakuwa msasa. Mara moja kwa mwezi pima: viungo 24, kutoka pini hadi pini, ni sentimita 30.48 cheni ikiwa mpya (hesabu kila pingili, pana na nyembamba). Ikifika 30.63, badilisha. Ukingoja ifike 30.8, utanunua na gia za nyuma pia, kwa sababu meno yameshachongoka kuifuata cheni iliyorefuka. Cheni ni nafuu kuliko gia. Ununuzi mmoja unaokoa mwingine.

Jumamosi ni safari ndefu, saa tatu hadi nne, kwa pole. Ihesabu kwa saa, uachane na kilomita. Wiki moja zungukia kusini, kilomita 50 hadi 55. Wiki inayofuata kata ubavu wa mlima, na huko kilomita 35 zinaweza kula muda uleule. Sababu ni mito: Karanga, Weruweru na Kikafu inashuka moja kwa moja kutoka mlimani na kuchimba makorongo, kwa hiyo kila barabara inayokwenda kando kando ya mlima inatumbukia korongoni na kupanda tena upande wa pili. Kila mpando mfupi ukiuchukua kwa gia nyepesi, safari inabaki ya pole. Ukianza kushindana na mwenzako kutoka korongo la kwanza, la nne utalipanda ukisukuma. Barabara kuu ya kwenda Arusha iepuke kabisa kwa mazoezi. Mabasi hayana subira na bega la barabara.

Kushuka: punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Breki ya mbele ikishikwa ghafla ndani ya kona yenye kokoto, tairi linaondoka chini yako. Mguu wa nje chini, uzito juu yake, macho mwisho wa kona. Breki za raba zikague ukifika chini. Changarawe ya volkano ikinasa kwenye raba inachora rimu mistari. Kwenye mchanga mzito weka gia nyepesi mapema, rudisha uzito nyuma, endelea kukanyaga, acha tairi la mbele litangetange kidogo bila kulilazimisha.

Chakula ndicho kinachowaangusha wengi saa ya tatu. Lengo ni gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia nusu saa ya kwanza, hata kama huna njaa. Ndizi mbivu moja kubwa ni kama gramu 25. Kinywaji: chupa ya mililita 750, vijiko vinne vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu moja. Hapo kuna karibu gramu 48. Chupa moja kwa saa moja na nusu pamoja na ndizi moja kila saa, umefika. Beba sukari na chumvi iliyokwisha kuchanganywa kwenye kifuko, ili ukinunua maji dukani uchanganye palepale. Kwenye joto la kusini utahitaji zaidi ya chupa mbili. Jipime uzito kabla na baada ya safari, na kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji uliyokosa. Mbege, pombe ya ndizi, ina wanga, ni kweli, lakini haihesabiwi.

Ukirudi, ule ndani ya saa moja: bakuli kubwa la mtori lenye nyama, au wali maharage na mayai matatu. Ndizi, nyama na mchuzi wenye chumvi; mwili hauhitaji poda ya kopo.

Jumapili saa moja ya pole kusini, au usitoke kabisa kama umeamka vibaya. Kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Yakiwa juu ya kawaida yako kwa saba au zaidi asubuhi mbili mfululizo, Jumanne inayokuja iwe ya pole. Uchovu ukija na homa, acha kuhesabu mapigo ukapime malaria. Kwenye mifereji ya mpunga mbu wako wengi.

Kila wiki ya nne punguza saa kwa theluthi moja na vipindi vya Jumanne viwe viwili. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa juu unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka; usilazimishe, utaikunja cheni bure. Siku hizo panda kwa barabara ya lami ya Machame na uongeze siku moja ya dumu. Na chupa zioshwe Jumamosi hiyohiyo jioni, na vifuniko vyake vifunguliwe, kwa sababu ndimu na sukari vikilala humo hadi Jumanne utakunywa ukungu.